Uzi maalumu: tumkumbuke Babu Dresa, mfunga vidonda wa Mtwara

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za huko mliko.

Wiki tano zimepita tangu tumzike Babu Dresa. Mliokulia Mtwara mjini, Mikindani, Msanga Mkuu, Naliendele, na ninyi wa juu huko Nanyamba na Tandahimba, najua mkilisoma jina hilo tu mmeshasikia harufu ya spiriti na mmeliona lile koti la kijivu lenye mfuko uliochanika, mkasi ukichungulia. Jina lake la kitambulisho sitaliandika, wanawe wameniomba hivyo. Hospitali aliyofanyia kazi nayo sitaitaja, maana kuna mambo nitayasema mbele ambayo sitaki yageuke ugomvi juu ya kaburi la mtu.

Nimechelewa kuufungua uzi huu kwa sababu siwezi kumweleza Babu bila kueleza jambo la baba yangu mzazi, na jambo lenyewe ni la ndani ya msuli. Nilimwomba ruhusa mara mbili, akanyamaza. Juzi usiku tukiwa tunakula akasema, "Andika. Nililificha miaka kumi na moja, na halikupona kwa kufichwa."

Basi naandika.

Kwa vijana ambao neno hili hamlijui: zamani zahanati na hospitali zetu zilikuwa na watu wakiitwa madresa. Si daktari, si nesi. Dresa alisafisha kidonda, akafunga bandeji, akamshika mgonjwa wakati mfupa unanyooshwa, akachemsha mikasi na kuianika. Huku Kusini, ambako hospitali za misheni za Lulindi, Ndanda na Mnero zilitangulia, wengi wao walijifunza wodini hapohapo kwa kutazama mikono ya mwingine. Babu alipenda kumtaja Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja Masasi miaka ya 1930, akafanya upasuaji Lulindi kisha Mnero, na mwisho akawa Waziri wa Afya wa nchi hii, 1975 hadi 1980. Hakuwahi kufanya naye kazi hata siku moja. Alimtaja kwa sababu alifurahi kwamba wizarani yuko mtu anayeijua njia ya Mnero wakati wa masika.

Yeye mwenyewe alizaliwa upande wa Newala, kule juu ambako maji yalikuwa ya kushukia bondeni na kupanda nayo kichwani. Akateremka Mtwara akiwa kijana, vita vya ukombozi wa Msumbiji vikiwa mwishoni. Mtwara ya wakati ule ilijaa majeruhi. FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapa mjini, iliyopewa jina la Daktari Américo Boavida, na watu waliovuka Ruvuma wakiwa na majeraha walikuwa wengi. Babu alianza kama mfagizi. Alituambia kidonda cha kwanza alichopewa kukisafisha kilikuwa cha mtu aliyekanyaga bomu la kutegwa ardhini, na kwamba mtu yule alikuwa haangalii mguu, anaangalia uso wa anayemsafisha. "Nikajua palepale," alisema, "uso wangu nao ni dawa au ni sumu."

Sentensi hiyo nimeisikia kwake zaidi ya mara ishirini. Sasa niwaambie alivyoitendea kazi nyumbani kwetu.

Sisi ni watu wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya pili ya ghuba. Mzee wangu alikuwa mvuvi. Nikiwa darasa la nne hivi nikaanza kuona anabadilika. Akaacha kukaa barazani na wenzake. Msuli akawa anauvaa miwili, mmoja juu ya mwingine, hata joto liwe la namna gani. Chombo kikitoka majini hakusaidia tena kukivuta, alisimama mbali akitoa maelekezo kama nahodha. Msikitini akaacha kwenda, akaswali nyumbani, mlango umefungwa. Mimi nilidhani amegombana na imamu. Mama alijua, ila mama alikuwa ameapishwa.

Lilikuwa busha. Huku wenye adabu husema "mshipa", na ofisini huandika ngirimaji. Mtaani walisema ni madafu: mtu akinywa madafu mengi maji hushuka chini. Mzee aliamini, akaacha madafu kabisa, na busha likaendelea kukua. Akaenda kwa mganga mara mbili. Ile ya pili akachanjwa chale pabaya, chale zikaoza.

Hapo ndipo mama alipovuka na boti kwenda hospitali kuomba dawa ya kidonda "cha jirani". Akakutana na Babu Dresa. Babu akamuuliza kidonda kiko wapi. Mama akasema mguuni. Babu akauliza, mguuni chini au mguuni juu? Mama akainama. Babu hakuuliza tena. Akamfungia pamba na unga wa dawa, akamwelekeza kuosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akamuuliza nyumba yetu iko upande gani wa msikiti.

Jioni yake akashuka na boti ya mwisho, ubao wa bao umefungwa kwenye gunia kwapani.

Alijifanya amekuja kumtembelea mtu wa kwao aliyehamia kijijini, hakumkuta, basi kwa kuwa boti imeshakwisha anaomba mahali pa kulala. Mzee hakuweza kumkatalia mgeni. Wakala, wakacheza bao mpaka usiku mkubwa. Asubuhi akaondoka. Baada ya siku nne akarudi. Alikuja jioni tano kwa mwezi mmoja na nusu, na katika jioni nne za kwanza hakutaja ugonjwa wowote. Waliongea bei ya korosho, walimwongelea pweza, waliikumbuka meli ya Canadian Spirit na watu walivyotapika njia nzima mpaka Dar. Nilikuwa nasinzia pembeni nikisikia kete zinavyoanguka shimoni. Mzee wangu akawa anacheka tena.

Jioni ya tano, mzee akiwa ndiye mwenye mtaji, Babu akasema huku akiangalia ubao, "Njomba, mwezi ujao wanakuja wapasuaji. Nimeandika majina kumi na moja. Nafasi ya kumi na mbili nimeiacha wazi."

Mzee akashika kete mkononi muda mrefu. Akauliza, "Hao kumi na moja ni akina nani?"

Babu akasema, "Hawajui jina lako. Na wewe hutayajua yao mpaka uwakute kitandani."

Mzee alikwenda. Alipoingia wodini akamkuta mtu aliyemwozesha mama yangu. Akamkuta fundi wa vyombo aliyekuwa akimtengenezea ngalawa miaka yote. Na kitanda cha dirishani alilala mmoja wa waliokuwa wakikaa naye barazani, yule aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote kila mabusha yalipotajwa. Kwa miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anavaa misuli miwili akijificha wenzake wasimwone. Mzee anasema walitazamana, kikapita kimya, kisha wodi nzima ikaanza kucheka, na nesi akaja mbio akidhani kuna mtu amepatwa na jambo.

Upasuaji wenyewe si wa saa nyingi. Alipopona akaanza kwenda msikitini, na Ijumaa ya kwanza alikwenda saa nzima kabla ya adhana.

Naendelea baadaye, wageni wameingia.

Mtu wa Rondo

Mtoa mada, Mungu akubariki kwa kuandika. Mimi ni wa Lindi na sikuwahi kumwona Babu, ila marehemu kaka yangu alitoka huku akaenda kufungwa kidonda kwake, ndonda ndugu lililomsumbua kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Nyangao. Alirudi na kidonda kimefunga na akaturudishia habari moja: kwamba yule mzee alimfundisha kukifunga mwenyewe, akamkataza kurudi mpaka kipone. Watu wengi wanataka uwarudie ili wajione wa maana.

Kijana wa Chikongola

Poleni sana. Mimi namjua wa uwanjani. Siku za mechi pale Nangwanda Sijaona alikuwa anasimama karibu na geti, si kuuza kitu, anaomba damu. Anakuuliza umekula? Umelala vizuri? Basi Jumatatu njoo. Alishatuzoea watu wa bodaboda, akawa na namba zetu kwenye daftari na kundi la damu la kila mmoja. Hata benki ya damu ya kanda ilipokwishakuwepo hapa Mtwara aliendelea, akasema benki bila wenye kuweka ni nyumba tupu. Saa nane za usiku simu ikilia unaijua ni yake. Nimetoa mara kumi na nne. Kila mara alinipa yai la kuchemsha kutoka mfukoni mwake, mwenyewe kalileta.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi na Babu Dresa miaka mingi na nina jambo la kurekebisha kidogo kabla halijawa hadithi. Hakufanya peke yake. Bandeji alizokuwa anafunga, miaka ambayo mpya hazikuwepo, zilifuliwa na akina mama wa dobi, zikachemshwa, zikaanikwa juani, zikakunjwa upya. Mikono yao iliungua na dawa. Babu mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa hiyo namsemea.

Papai pia. Mtu akiungua na shashi haipo, alikuwa anaponda papai bichi na kulipaka kwenye jeraha kila siku, nyama iliyokufa inatoka polepole. Alijifunza kwa mama mmoja mhudumu, si kwa daktari.

Lakini ninalotaka liandikwe ni la degedege. Ninyi wadogo hamjui tulivyokuwa tunapoteza watoto. Mtoto akishikwa na malaria kali, homa inapanda, anakakamaa, macho yanageuka. Wazee wakasema hiyo si ya hospitali, ni degedege, na mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Walikuwa na ushahidi wao: wameona watoto wakiletwa wamechelewa, wanachomwa, wanafariki. Kwa macho yao sindano ndiyo iliyoua. Sisi manesi wengine tulikuwa tunafoka. Bibi amembeba mjukuu kilometa ishirini, shingoni mwa mtoto kuna hirizi, mwilini kuna dawa ya majani, na sisi tunaanza kwa kumgombeza. Kesho yake mwingine haleti kabisa.

Babu alikuwa anamsikiliza bibi mpaka mwisho. Anamwuliza dawa aliyotumia ni ya mti gani. Anamwomba amshike mtoto mwenyewe, analowesha kanga kwa maji ya uvuguvugu, wanamkanda pamoja. Homa ikianza kushuka bibi anaona kwa mikono yake. Ndipo anasema, "Bibi, dawa yako imefanya kazi yake ya usiku. Hii ya mchana niachie mimi." Tunaweka dripu ya kwinini bila kelele. Hirizi hakuikata. Kuna daktari alimuuliza kwa nini haikati, akajibu kwamba kamba haizuii dripu.

Mabibi wale wakawa wanaleta watoto mapema. Sina hesabu, ila nilikuwepo wodini na niliona.

Mkulima wa Mnivata

Mtoa mada samahani, nina swali na naomba nisichekwe. Hili la madafu ni kweli au si kweli? Maana mimi nina dalili na nakunywa madafu.

Mtoa mada

Hakuna wa kukucheka hapa, njomba. Ndilo swali ambalo Babu alikuwa anafurahi kuulizwa.

Si madafu. Huku pwani mabusha mengi na matende vinatokana na minyoo midogo kama uzi inayoenezwa na mbu. Mbu anamuuma mwenye vimelea, anakuja kukuuma wewe. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya limfu, inaiharibu taratibu kwa miaka, maji yanashindwa kupita. Kwa mwanamume mara nyingi yanajikusanya kwenye pumbu, kwa wengine mguu unavimba. Ukanda wa pwani una mbu wengi na una minazi mingi, watu wakaunganisha nazi na busha wakamsahau mbu. Babu alikuwa anasema wanawake nao wanakunywa madafu.

Zile dawa za kingatiba mlizokuwa mkipewa mara moja kwa mwaka, ambazo mpango wake ulianzia Mafia mwaka 2000, zinaua vimelea vilivyomo kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Lakini busha lililokwishaota haliondoki kwa vidonge. Linaondoka kwa upasuaji, na upasuaji upo. Usikubali chale. Na wewe kabla ya yote ukapimwe, maana si kila uvimbe wa pale ni busha, kuna ngiri na kuna mengine, mwenye kujua ni daktari.

Kwa wenye matende, Babu alikuwa na somo lake la beseni. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, hasa katikati ya vidole, kausha taratibu kwa kitambaa laini, ukikaa uuinue, ukilala uuwekee mto, uuchezeshe kifundo. Anayefuata hayo homa za mguu zinapungua na mchubuko haugeuki kidonda. Kuna mama mmoja wa Mikindani ambaye hakuwa ametoka nje ya ua wake kwa sababu ya harufu ya mguu. Babu alikwenda na beseni jipya jekundu, akaosha mguu mmoja, wa pili akamwambia aoshe mwenyewe. Mama yule nimemwona mazishini, amesimama.

Nikuulize nami, njomba: unataka kwenda na mtu? Niandikie faragha. Mzee wangu amesema atakusindikiza.

Daktari wa zamani Mtwara

Nimesita kuandika. Mimi natokea Kagera na nilipangiwa Mtwara nikiwa sijatimiza mwaka tangu nihitimu. Kiswahili tunakijua sote, nikadhani inatosha.

Akaja mama kijana kutoka kijijini, tumbo linamuuma, anasema ana mchango. Mimi mchango naujua kuwa ni minyoo ya tumboni. Nikamwandikia dawa ya minyoo, nikamwambia aende nyumbani. Babu Dresa alikuwa anapita na sinia lake. Akasimama. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Daktari, hebu niruhusu nimsalimie dada." Akaongea naye Kimakonde dakika mbili. Akanigeukia: "Daktari, huku mchango ni kila kitu cha chini ya kitovu kwa mwanamke. Nimemuuliza mwezi wake. Hajauona wiki saba. Na bega linamuuma."

Nilitoka jasho. Ilikuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na damu ilikuwa imeanza kumwagikia tumboni. Tukamkimbiza chumba cha upasuaji. Alipona.

Babu hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Jioni alikuja na karatasi yenye mistari ya shule, ameandika maneno kama arobaini kwa mwandiko wake mkubwa: neno la mgonjwa upande huu, maana yake upande ule. Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeihamisha mikoa minne. Kila kijana anayeanza kazi chini yangu namtuma kwanza kwa wahudumu wa wodi akaulize maneno ya pale.

Nilikuwa safarini alipofariki. Nisameheni kwa kutofika.

Mtoa mada

Daktari, nimesoma nikaenda kumsomea mzee. Hatukuwahi kuijua hiyo. Wanawe nao wameisoma, na mmoja amesema kumbe ndiyo maana baba yao alikuwa akinunua madaftari ya shule wakati nyumbani hakuna mwanafunzi.

Nimalizie nilikokuwa nimeahidi.

Siku moja, kabla mambo hayajapangwa vizuri, wanaume waliitwa kwa ajili ya uchunguzi wa mabusha. Walikuja wengi, wengine kutoka mbali. Mtu wa dirishani akatoka na kupaza sauti, "Wenye mabusha pande hii!" Babu anasema alishuhudia kwa macho: nusu ya wale wazee waligeuka kama waliokuwa wanapita njia, wakashika barabara. Alikimbia kuwafuata mpaka stendi, akawapata wanne. Baada ya hapo aliweka benchi chini ya mwembe upande wa nyuma, na kila mwanaume aliyefika akawa ni "mtu wa kubadilishwa bandeji". Mtu wa dirishani alipouliza mbona bandeji zimekuwa nyingi siku za Jumanne, akaambiwa ni msimu.

Kwa kazi hiyo hakuongezewa daraja. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, na karatasi zilisema mhudumu. Vijana aliowafundisha kushika mkasi walimpita mmoja baada ya mwingine, naye akiwapongeza kwa dhati. Alipostaafu, haki yake ilichukua muda mrefu kutoka kuliko inavyostahili mtu kungoja, na katika muda huo aliishi kwa mikorosho yake michache na kwa watu waliomletea samaki. Hilo linaniuma na nalisema wazi. Yeye hakulisema. Aliendelea kufika kwenye benchi lake kila Jumanne, bila mshahara, mpaka miguu ilipokataa.

Miezi yake ya mwisho alirudi nyumbani, upande wa Newala. Mzee wangu alikwenda kumwona mara tatu. Mara ya mwisho Babu alikuwa amelala, kidonda cha mgongoni kimeanza kwa sababu ya kulala sana, na mjukuu wake wa kike ndiye anayekisafisha. Mzee anasema Babu alikuwa hatazami kitu kingine isipokuwa uso wa yule binti, na binti hakukunja uso hata kidogo.

Alifariki msimu wa salfa. Mnaolima korosho mnajua alfajiri za wakati ule zilivyo: kabla upepo haujaamka mashine zinanguruma mashambani, salfa inapanda juu ya mikorosho kama ukungu wa njano kuzuia ubwiri unga, na ukikosa siku tatu mwaka mzima unaweza kukuponyoka. Mtu haachi shamba lake msimu huo hivi hivi. Habari ilipofika, mashine zikazimwa. Wanaume walikuja makaburini moja kwa moja kutoka shambani, salfa kwenye nyusi, kwenye kofia, macho mekundu. Eneo lote likanuka salfa. Sheikh alikohoa katikati ya dua akasubiri, akaendelea.

Watani walilala kaburini wakakataa kutoka mpaka walipwe, kama ilivyo desturi. Mmoja wao akasema kwa sauti kwamba hataki pesa, anataka bandeji. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, kisha wakalia zaidi. Mwanawe mkubwa akaingiza mkono kwenye lile koti la kijivu alilokuwa amelishika, akatoa bandeji moja iliyokunjwa vizuri, akampa. Mtani akatoka.

Jeneza lilibebwa kwa kupokezana. Niliangalia waliokuwa wanagombania kulishika, wazee tupu, wa umri wa mzee wangu, kutoka Msanga Mkuu, Msimbati, Mikindani. Wanatembea hatua ndefu. Sikumuuliza yeyote kati yao chochote.

Arobaini yake ni Jumamosi hii, nyumbani kwake, khitma inaanza baada ya adhuhuri. Kwa wanaotoka Mtwara mjini, magari ya Newala yanaanza kuondoka alfajiri. Lami ni mpaka Mnivata, kilometa 50, kutoka hapo kuendelea kuna sehemu bado ujenzi, kwa hiyo msichelewe. Ming'oko (vile viazi pori vya huku) na mchele vimeshapatikana, kinachohitajika ni maji na kuni, mwenye bajaji ya mizigo huko Newala aniandikie. Nesi, tumekutengea kiti cha mbele kwenye gari letu. Njomba wa Mnivata, tutakupitia barabarani, ukirudi Jumapili tunashuka wote mpaka Mtwara, na Jumatatu mzee atakupeleka.

Mzee mwenyewe anavuka na boti ya kwanza. Ule ubao wa bao ulibaki kwetu tangu mwezi ule, Babu hakuwahi kuufuata, na kila mwaka mzee alisema atamrudishia. Ameutia mafuta jana, amezihesabu kete zote 64, amezifunga kwenye gunia lilelile. Kuna mjukuu wa kiume kule ambaye ameanza kujifunza kucheza.